Kidole gumba juu ya kuponi: uchambuzi wa kisa cha nafasi ya meli iliyopitia kwa wakala

Kisa hiki ni changu mwenyewe, kutoka upande wa wakala wa safari, yaani anayewawekea watu nafasi kwenye meli za kitalii. Majina nimeyabadilisha, tarehe nimezisogeza, na hesabu nimezisawazisha ili zifuatike kirahisi. Kampuni ya meli siitaji, wala wakala mkubwa ninayefanya kazi chini ya mwavuli wake. Mteja nitamwita Mama Neema, ambaye ameusoma uchambuzi huu kabla haujatoka na akanikosoa sehemu mbili.

Wahusika

Mama Neema ni muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee, jimbo la Texas. Mumewe anaendesha lori la masafa marefu. Ni Watanzania walioishi Marekani zaidi ya miaka 20. Mwaka 2022 walipanda meli ya kitalii kwa mara ya kwanza, kutoka bandari ya Galveston kwenda Mexico na kurudi, na Baba Neema, aliyeapa kwamba baharini haendi, ndiye aliyeshuka akiuliza lini tena.

Mimi ni wakala wa kufanyia kazi nyumbani. Nina meza, kompyuta na namba ya uwakala ya wale wakubwa. Kamisheni ikiingia wanachukua asilimia 30, mimi nabaki na 70. Mama Neema ananiita mdogo wangu, nami namwita dada, na huko ndiko kulikonifanya nisiulize maswali ambayo mteja wa kawaida ningemuuliza.

Karatasi mbili

Alikuwa na vitu viwili mkononi, naye akiviita vyote kuponi.

Cha kwanza kilikuwa cheti cha safari ijayo. Meli nyingi zinazoondokea Marekani zina meza humo humo melini ambapo abiria hulipa arbuni ndogo ya safari ambayo hata hajaichagua. Wao walilipa dola 100 kila mmoja, jumla 200. Hizo 200 ni pesa yao na zinahesabika kwenye nauli ya safari watakayochagua. Zawadi yenyewe ni salio la dola 100 la kutumia melini: vinywaji, matembezi ya bandarini, saluni, chochote kinachoandikwa kwenye akaunti ya chumba.

Cha pili kilikuwa kuponi hasa, iliyotumwa kwa posta mwezi Desemba na klabu ya wateja wa kudumu wa kampuni ile: punguzo la dola 75 kwa chumba chenye baraza, safari ya usiku 7 au zaidi.

Tuliokulia kwenye vocha za kukwangua tuna ugonjwa mmoja. Unakwangua, unaingiza tarakimu, salio linaingia, kwisha habari. Kuponi ya meli haina tabia hiyo. Inachagua aina ya chumba, idadi ya usiku, aina ya nauli, tarehe ya kuweka nafasi na tarehe ya kusafiri, na kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kuiua. Mawakala wengi tulionjeshwa somo hili baada ya Machi 2020, meli ziliposimama na kampuni kadhaa zikawapa abiria waliokubali kutorudishiwa fedha taslimu mkopo wa safari ya baadaye wenye thamani ya asilimia 125 ya walicholipa. Mkopo ulionekana mnono, lakini mara nyingi ulikata nauli tu. Kodi na ada za bandari mtu alilipa upya kutoka mfukoni.

Je, kuponi ya kampuni ya meli inafanya kazi ukipitia kwa wakala? Kwa kawaida ndiyo. Punguzo linabebwa na kampuni, na haki ya kulipata inafuata namba ya uanachama ya abiria popote alipowekea nafasi. Ndivyo ilivyo hata kwa salio la wanahisa: kwa miaka mingi Carnival Corporation na Royal Caribbean zimewapa wenye hisa 100 au zaidi salio la kutumia melini, na kupitia kwa wakala hakukuwaondolea haki hiyo. Kinachobadilika ni nani anayeruhusiwa kuongea. Nafasi ikishakuwa chini ya wakala, abiria akipiga simu kampuni ataambiwa awasiliane na wakala wake. Kwa hiyo kuponi ikisahauliwa, imesahauliwa na wakala.

Januari: alivyoanza peke yake

Januari hadi Machi ndio msimu wa ofa za meli Marekani. Wenyewe wanauita msimu wa wimbi. Jumamosi moja usiku, akitoka zamu, Mama Neema aliingia kwenye tovuti ya kampuni akaweka nafasi mwenyewe: chumba chenye baraza, usiku 7, Galveston, Costa Maya, Roatán, Cozumel na kurudi, mwanzoni mwa Novemba. Nauli ilikuwa dola 899 kwa mtu, yaani 1,798 kwa wawili. Kodi na ada za bandari naziacha nje ya hesabu zote hapa, kwa sababu hazikubadilika.

Mfumo ulimtambua kwa namba yake ya uanachama, ukachukua cheti cha dola 200 kama arbuni bila kumuuliza. Kuponi ya 75 ilikwama. Tovuti ilidai tarakimu za siri, na karatasi yake haikuwa na tarakimu zozote. Kesho yake akanipigia.

"Mdogo wangu, hii kuponi wewe unaweza kuiingiza?"

Nikamwambia anipigie picha anitumie WhatsApp. Picha ikaja: kuponi imeshikwa kwa mkono wa kushoto juu ya meza ya jikoni, ina mkunjo katikati na alama ya chai pembeni. Dola 75 zinaonekana vizuri. Chini kabisa, kwenye mistari miwili ya herufi ndogo, kulikuwa na kidole gumba cha Mama Neema.

Sikuomba picha nyingine.

Uamuzi wa kwanza na sababu zake

Nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kuihamisha nafasi yake ije kwangu kama ilivyo. Kampuni ile ilimruhusu abiria kuhamishia nafasi kwa wakala ndani ya siku 60 tangu aiweke, mradi hajamaliza kulipa. Ya pili, kuifuta na kumwingiza kwenye kundi.

Kundi lilikuwepo. Akina mama wa kikoba kimoja walikuwa wameshachukua kupitia kwangu vyumba saba kwenye meli hiyo hiyo, tarehe hiyo hiyo, abiria 14. Bei ya kikundi ilikuwa dola 839 kwa mtu, na kila chumba kilipewa salio la dola 50. Nikapiga hesabu nyuma ya bahasha.

Njia ya kwanza: 1,798, toa kuponi 75, toa salio 100 la cheti, inabaki 1,623.

Njia ya pili: 1,678, toa kuponi 75, toa salio la cheti 100, toa salio la kikundi 50, inabaki 1,453.

Tofauti ni dola 170. Mama Neema aliuliza swali moja tu, kama atalazimika kukaa meza moja na kikoba. Nikamwambia hapana, hata si lazima awasalimie. Akacheka, akakubali.

Nilipiga simu kampuni kabla ya kufuta, jambo ambalo nilijivunia wakati ule. Niliuliza: "Hili kundi linakubali kuunganishwa na ofa nyingine?" Nikajibiwa ndiyo. Nikafuta nafasi yake, nikaweka mpya ndani ya kundi.

Kuna sababu nyingine ambayo bahasha ile haikuionyesha. Kwenye kundi lile, abiria 16 wakifika, kampuni inatoa nafasi moja ya bure, na mimi nilikuwa nimeshawaahidi akina mama kwamba itapatikana na thamani yake watagawana. Ahadi ni deni, na mimi nilikuwa na abiria 14. Mama Neema na mumewe ni wawili. Sikumweleza hilo, na ni sehemu ya kwanza aliyonikosoa aliposoma rasimu: "Ungeniambia tu. Ningekubali vilevile, lakini ningekuwa najua."

Arbuni iliyochelewa

Tatizo la kwanza lilijitokeza siku hiyo hiyo. Nafasi ya zamani ilipofutwa, cheti cha dola 200 hakikurudi papo kwa papo. Kiliingia kwenye foleni ya marejesho na kikachukua siku 12 kuonekana tena mfumoni. Chumba cha kikundi nacho kilihitaji arbuni ndani ya siku tatu: dola 250 kwa mtu. Ikabidi Mama Neema atoe dola 500 kwenye kadi yake, na mwezi ule alikuwa analipa ada ya chuo ya Neema. Hakulalamika. Alisema tu "haya", na "haya" ya mtu mzima mnaijua.

Aprili: ankara

Ankara mpya ilikuja kwa barua pepe katikati ya Februari. Niliifungua, nikaona jina, tarehe na namba ya chumba viko sawa, nikaifunga. Tarehe 2 Aprili, nikiandaa orodha ya kikoba, ndipo niliposoma mstari kwa mstari. Salio la kikundi, dola 50, lilikuwepo. Kuponi haikuwepo. Salio la cheti halikuwepo.

Nilisubiri kwenye simu dakika 47. Mtu niliyempata alikuwa mpole na hakuwa na haraka, akanisomea masharti kutoka kwenye mfumo wake. Kuponi ya klabu haiunganishwi na bei za vikundi. Salio la cheti nalo haliambatani na salio la kikundi. Zile dola 200 zenyewe zinapokelewa kama malipo, zawadi yake hapana. "Ofa nyingine" nilizoambiwa Januari zilikuwa ofa za msimu kwa umma, kama zile za kupunguza arbuni. Nilikuwa nimeuliza swali pana, nikapewa jibu pana.

Nikamwomba Mama Neema picha ya pili, karatasi ikiwa imelazwa mezani. Kidole hakikuwepo tena. Mstari wa kwanza wa herufi ndogo ulisema haihusu nauli za vikundi. Wa pili ulisema safari iwe kabla ya tarehe 31 Desemba, na nafasi iwekwe kabla ya tarehe 31 Machi. Ile Desemba ndiyo iliyokuwa kichwani mwa Mama Neema muda wote, na ni kweli tulikuwa ndani yake. Machi ilikuwa imepita siku mbili.

Hesabu halisi ya njia niliyochagua ikawa 1,678 toa 50: dola 1,628. Kama ningehamisha nafasi yake ya awali bila kuwa mjanja, angekuwa kwenye 1,623. Nilikuwa nimemfutia mtu nafasi, nimemtoa dola 500 mwezi wa ada, nimepoteza kuponi yake, ili alipe dola tano zaidi.

Uamuzi wa pili

Nilimpigia jioni hiyo hiyo. Shikamoo dada, kisha nikaeleza yote kwa mfuatano, pamoja na dola tano. Alikaa kimya kidogo akauliza kama inarekebishika.

Nilijaribu mlango mmoja: afisa mauzo wa kanda, yule ambaye kampuni za meli huwaweka kuhudumia mawakala. Nilimwomba akubali kuponi kwa tarehe ya nafasi ya awali, ambayo iliwekwa Januari, ndani ya muda. Hoja haikuwa mbaya, lakini nafasi ile ilikuwa imefutwa na mimi mwenyewe, na rekodi ilionyesha hivyo. Akakataa kwa adabu.

Kutoka kwenye kundi siku ile kulimaanisha kuingia kwa bei ya siku ile, na bei ilikuwa imepanda hadi dola 929. Tukaamua kubaki na kusubiri. Malipo ya mwisho yalitakiwa siku 90 kabla ya safari, yaani mapema Agosti. Kabla ya hapo, arbuni yao ilikuwa ya aina inayorudishwa, kwa hiyo mlango wa kubadilisha bei ulikuwa bado wazi. Wangekuwa wamechukua nauli ya arbuni isiyorudishwa, ambayo huwa nafuu kidogo, kisa kingeishia hapa.

Nikaweka kengele kwenye simu: kila Jumanne asubuhi, angalia bei ya chumba chenye baraza. Ilikuwa kazi ya dakika tatu.

Juni

Jumanne ya tatu ya Juni bei ilikuwa dola 799. Nilipiga simu kabla sijanywa chai. Safari hii sikuuliza kama inawezekana. Nilimwomba mhudumu aitoe nafasi kwenye kundi, ashikilie chumba kile kile, aingize bei mpya, aingize cheti, kisha anitumie ankara nikiwa bado kwenye laini. Ikaja. Nikasoma kila mstari kwa sauti, naye akasikiliza. Salio la dola 100 la cheti lilikuwepo, kwa kuwa halikuwa tena ndani ya kikundi. Lile la 50 likaondoka.

1,598 toa 100: dola 1,498.

Kikoba kilikuwa kimeshafika abiria 18 mwezi Mei, kwa hiyo wawili hao walipotoka tulibaki 16 na nafasi ya bure haikupotea. Wangekuwa 16 kamili siku ile, sijui ningefanya nini, na ninaliandika hili kwa sababu ndilo linalonisumbua zaidi kuliko dola zote zilizotajwa hapa.

Matokeo

Mama Neema alilipa dola 125 pungufu ya hesabu ya Januari ya njia ya kwanza. Kwa mtu wa nje, kisa kilimalizika vizuri. Lakini kushuka kwa bei kungemkuta popote alipokuwa. Nafasi yake ya awali ingehamishwa na kuponi ikaingizwa Januari, tungeomba bei mpya Juni. Na kama ofa ile ingeruhusu kuponi ibaki, angekuwa kwenye 1,423. Kipimo changu kilikuwa hicho, kwa hiyo dola 75 nilimlipa mimi, kama salio la zawadi kutoka kwa wakala.

Kamisheni yangu ilikuwa hivi. Kwenye nauli ya 1,598, kampuni inatenga sehemu isiyolipiwa kamisheni, kwa safari hii dola 180 kwa kila abiria. Inabaki 1,238. Asilimia 12 yake ni kama dola 148 na senti 56. Sehemu yangu ya asilimia 70 ni dola 104. Toa 75, nikabaki na 29, kwa kazi ya Januari hadi Novemba.

Kilichofeli

Watu wengi huamini kwamba mawakala huficha kuponi za wateja kwa sababu zinawapunguzia kamisheni. Zinapunguza kweli. Kwa kisa hiki, kuponi ya 75 ingekata kamisheni kwa dola 9, na kwenye mfuko wangu dola 6 na senti 30. Hakuna anayehatarisha mteja wa kudumu kwa kiasi hicho. Kinachoua kuponi ni uvivu na foleni ya simu. Kuingiza kuponi isiyo na tarakimu kunahitaji kupiga simu, kusubiri, kutaja namba ya uanachama na kuhakiki ankara, yote kwa malipo yanayopungua. Mteja anayemshuku wakala wake aulize "umeshaingiza?" na aombe kuonyeshwa mstari wenyewe, maana kuponi ambayo haijaandikwa kwenye ankara haipo, hata kama wakala kasema ndiyo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa mpangilio. Nilichagua bei, kisha nikabandika kuponi juu yake. Kuponi ndiyo yenye masharti makali, kwa hiyo ndiyo ilipaswa kusomwa kwanza, na bei zikachujwa kwa mujibu wake. Tangazo lolote la redio kwetu linamalizia kwa kasi "vigezo na masharti kuzingatiwa", na sote tumezoea kutolisikia.

La pili ni swali la simu. "Mnakubali ofa nyingine?" ni swali la mtu anayetaka ruhusa. Ningesema: hii hapa namba ya uanachama, hii hapa kuponi yake, iingize sasa hivi kwenye nafasi hii ya kikundi. Mfumo ungekataa mbele yetu wote wawili, Januari, Machi ikiwa bado mbali.

La tatu ni kufuta kabla ya kupata. Nafasi ya zamani ilikuwa ndiyo silaha yetu pekee: ilishika tarehe, ilishika cheti, ingeshika kuponi. Inawezekana kushikilia chumba cha kikundi kwa siku chache huku cha zamani kikiwa hai. Nilifuta kwa sababu nilikuwa na uhakika, na uhakika wangu ulitokana na picha yenye kidole.

Mgongano wa maslahi sitaupaka rangi. Nafasi ya bure ya kikoba ilinisukuma. Siwezi kusema ilinisukuma kwa asilimia ngapi, ila najua kwamba hesabu ya bahasha ilinipendeza haraka mno.

Kilichofanya kazi

Kengele ya Jumanne ilifanya kazi, na ndiyo sababu mojawapo ya mtu kuwa na wakala. Kampuni ya meli haikupigii simu kukuambia bei imeshuka; anayeangalia ndiye anayepata, na mwisho ni siku ya malipo ya mwisho. Kumwambia Mama Neema siku ile ile ya Aprili nako kulisaidia, kwa sababu alipokubali kusubiri alijua anasubiri nini.

Sehemu ya pili aliyonikosoa ni hii. Kwenye rasimu niliandika kwamba kosa lake lilikuwa kupiga picha vibaya. Akasema: "Mimi si wakala. Kazi ya kuona kidole ilikuwa yako." Nimeifuta sentensi ile.

Walisafiri Novemba. Baba Neema alinitumia picha kutoka Roatán amesimama mbele ya sahani ya samaki wa nazi na mihogo, akidai amefika Tanga. Siku ya sita usiku ikaja picha nyingine, kutoka kwa Mama Neema, bila maneno: cheti kipya cha safari ijayo, kimelazwa juu ya kitanda, mbele na nyuma, kimeshikiliwa pembeni na kikombe na rimoti ya televisheni.